Maswali yenu: ule "wino" wa kioo cha simu unavyochagua rangi za mwanga

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu, aya mbili hazifiki, kwamba kuna vifaa vya kuchambua mwanga vinavyotumia kitu kilekile kilichomo ndani ya kioo cha simu, basi toka siku hiyo meseji haziishi. Wengine mnauliza vizuri, wengine mnatukana kidogo, poa tu. Swali la kwanza nimelijibu kirefu maana mengine karibu yote yanaegemea hapo, kwa hiyo usiruke halafu uje kunilaumu huko chini kwamba hujaelewa.

Fundi simu, Kariakoo: Habari za kazi kaka. Mimi nabadilisha vioo mwaka wa tisa huu. LCD ikivuja tunamwambia mteja wino umemwagika, na polaraiza ikiungua na jua naibandua naweka mpya. Sasa nyie mmeandika eti hicho hicho kitu kinatumika maabara kuchambua rangi za mwanga. Mbona mimi nikitoa polaraiza kioo kinabaki cheupe tupu, picha hakuna, rangi hakuna? Au haya ni mambo ya kwenye karatasi tu?

Jibu: Kaka, sio ya kwenye karatasi, tena nusu ya jibu unayo hapo mezani kwako. Ulipobandua ile polaraiza ya juu kioo kikawa cheupe, picha haikuondoka, ilikuwepo palepale ila jicho letu haliwezi kujua wimbi la mwanga linatikisika kulala au kusimama. Polaraiza ndo inayojua. Inapitisha wimbi linalotikisika upande mmoja, la upande mwingine inalimeza. Na huo "wino" sio wino, ni fuwele kimiminika, kitu kinachomiminika kama mafuta lakini chembe zake ndefu zimejipanga kuelekea upande mmoja kama vijiti vya kiberiti ndani ya boksi, ukikipa umeme vile vijiti vinageuka.

Kwenye simu kazi yake ni kufungua na kufunga tu. Rangi unazoziona zinatoka kwenye vidoti vyekundu, kijani na bluu vilivyopakwa kwenye kioo, fuwele yenyewe haina habari na rangi. Kwenye kifaa cha maabara vidoti vinatolewa vyote, halafu fuwele yenyewe ndo inaambiwa ichague rangi.

Inachaguaje? Kabla sijaongea sana chukua polaraiza mbili ulizozibandua, zile ambazo hazijaungua, bandika selotepu tabaka mbili tatu nne kwenye kipande cha kioo safi, mahali pengine zipishane vibaya vibaya tu, halafu weka kioo hicho katikati ya zile polaraiza mbili uangalie dirishani. Selotepu ambayo haina rangi yoyote itakutolea zambarau, kijani, njano, kila unene na rangi yake, na ukizungusha polaraiza moja robo duara rangi zote zinageuka kinyume. Sio selotepu zote zinakubali, nyingine za bei chee hazitoi kitu, jaribu aina mbili tatu. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilikaa nayo jioni nzima kama mtoto.

Kinachotokea ni kwamba selotepu ilivutwa kiwandani, ikawa na upande mmoja mwanga unakwenda haraka na upande mwingine mwanga unachelewa. Wimbi linalotikisika kimshazari likiingia linapasuka vipande viwili, kimoja kinatangulia kingine kinabaki nyuma, vikikutana kwenye polaraiza ya pili kuna rangi ambazo vile vipande viwili vinapatana na kupita, na kuna rangi ambazo vinapishana na kuuana. Fuwele kimiminika inafanya hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba ule uchelewaji unaweza kuupunguza kwa volti, bila kugusa kitu, bila mota, bila kuzungusha chochote.

Tupige hesabu ndogo. Chukua safu ya fuwele yenye unene wa mikroni 6 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambayo ni nyembamba mara kumi na zaidi kuliko unywele, na tofauti ya jinsi pande zake mbili zinavyochelewesha mwanga iwe 0.2. Zidisha: uchelewaji ni mikroni 1.2, yaani nanomita 1200. Polaraiza zako zikiwa zimeelekea upande mmoja, rangi inayopita vizuri ni ile ambayo urefu wa wimbi lake, unaopimwa kwa nanomita, unaingia kamili kwenye 1200 bila nusu kubaki. Nanomita 600, rangi ya chungwa, inaingia mara 2 kamili, inapita. Nanomita 480, bluu, inaingia mara mbili na nusu, inauawa. Sasa pandisha volti kidogo, vijiti vianze kusimama, uchelewaji ushuke mpaka 1000. Hapo 500 ndo inaingia mara 2, kwa hiyo inapita kijani ya kuelekea bluu, na nyekundu ya 667 inaingia mara moja na nusu, inazimika. Umebadilisha rangi kwa kuongeza volti. Na sio volti nyingi, vijiti vinaanza kushtuka kwenye kama volti 1 hivi.

Shida ni kwamba safu moja inachagua kizembe sana, inapitisha mlima mpana wa rangi, huwezi kuita uchambuzi. Hapo wanaingiza ujanja wa Mfaransa Bernard Lyot, mwanafalaki (mchunguzi wa jua na nyota), aliyetoa wazo hilo 1933, na Yngve Öhman wa Sweden akatengeneza ya kwake 1938. Wanapanga safu kadhaa zinazofuatana, kati ya safu na safu polaraiza, na kila safu ina uchelewaji mara mbili ya iliyotangulia. Fikiria ngoma tatu: msondo unapiga kila baada ya hesabu 8, vumi kila baada ya 4, chapuo kila baada ya 2. Ukisema nitacheza pale tu zote tatu zinapogonga pamoja, utacheza mara moja kila hesabu 8, lakini mguu wako utatua kwa usahihi wa chapuo. Safu nyembamba inafukuza rangi za mbali, safu nene inabana ukingo.

Lyot hakuwa na fuwele kimiminika, alitumia mawe, kwazi na kalsaiti yaliyokatwa na kusuguliwa kwa vipimo vya kichaa, shabaha yake kulitazama jua kwa rangi moja tu kama ile nyekundu ya haidrojeni ya nanomita 656.3. Rangi ya mawe hayo huwezi kuihamisha kirahisi, inabidi uyatunze kwenye joto lisilobadilika. Huyu mzee alifariki 1952 ndani ya treni karibu na Cairo, akirudi kutoka Khartoum alikokwenda kutazama kupatwa kwa jua, huwa namkumbuka kila nikisikia habari za reli ya Misri. Waliokuja baadaye wakaongeza safu ya fuwele kimiminika pembeni ya mawe, ndipo ikapatikana filta, yaani chujio la mwanga, unayoiambia kwa kompyuta "nipe 550" ikakupa 550, "nipe 620" ikakupa 620.

Sasa mtu ataniuliza mbona CD iliyokwaruzika inatoa upinde wa mvua bure. Kweli inatoa, mistari ya CD imeachana mikroni 1.6 na inatawanya mwanga vizuri tu, na spektromita nyingi, vile vifaa vya kuchambua mwanga, zina kitu cha namna hiyo ndani yake. Ila hiyo inakupa rangi zote za doa moja. Filta ya fuwele inakupa rangi moja ya picha nzima. Unaweka mbele ya kamera ya kawaida isiyo na rangi, unapiga picha kwenye 400, unasogeza 410, unapiga, 420, unapiga, mpaka 720, zinakuwa picha 33, na kila doa la picha sasa lina mkunjo wake wa rangi, yaani mstari wa grafu, wa vipimo 33. Noti unayoishuku, mchoro wa zamani uliopakwa rangi juu ya rangi, ngozi yenye kidonda, jani, vyote vinatazamwa hivyo, kwa sababu wino mbili ambazo kwa jicho ni nyeusi sawasawa zinaweza kuachana kabisa ukifika 700.

Nisikudanganye lakini. Polaraiza ya kwanza tu inakula nusu ya mwanga, zinazofuata nazo zinamega, na kwenye bluu ya mwisho mwisho kinachopita kinaweza kuwa chini ya sehemu moja ya kumi. Kuhama rangi moja kwenda nyingine kunachukua kama milisekunde 50 mpaka 150 maana vijiti vinapita kwenye kitu kizito kama asali nyepesi. Na bei ni maelfu ya dola, kaka, kwa hiyo usianze kumwambia mteja kioo chake kilichovuja ni mali.

Bodaboda, Mombasa: Nilinunua miwani ya jua ile ya kuzuia mng'ao, nikiangalia simu imelala naona giza, nikiisimamisha naona. Jamaa ananiambia macho yameanza kwisha.

Jibu: Macho yako hayana neno. Miwani hiyo ni polaraiza, na mwanga unaotoka kwenye kioo cha simu umeshapita kwenye polaraiza, zikipishana msalaba unapata giza. Unayo polaraiza ya pili puani, waambie watoto wabandike selotepu kwenye kava ya plastiki inayoonyesha, waiweke juu ya simu yenye skrini nyeupe, wavae miwani yako. Ndo jaribio la fundi wa Kariakoo hapo juu, bure.

Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro: Shikamoo mwalimu. Tuna filta ya fuwele kimiminika imefungwa mbele ya kamera. Napiga jani lilelile asubuhi na saa saba mchana, mikunjo hailingani, kilele cha kijani kinasogea. Msimamizi anasema nimechanganya mafaili. Sijachanganya, nimekagua mara nne. Nimechoka.

Jibu: Marahaba, na pole, nakuamini. Yalinikuta hayo hayo. Kuna mahali nilifanya kazi, filta tuliikalibreti, yaani tuliiwekea vipimo sawa, asubuhi AC ikiwa inavuma, kila kitu kizuri, saa sita umeme ukakatika, jenereta ikawashwa ya kompyuta na taa tu, chumba kikachemka, sisi tunaendelea kupiga picha kama hakuna kilichotokea. Wiki mbili za data. Tukaja kugundua kwa bahati tu, mtu alipoelekeza kamera kwenye taa ya enaji seva iliyokuwa darini.

Fuwele kimiminika ikipata joto vijiti vyake vinapoteza nidhamu, tofauti kati ya upande wa haraka na wa kuchelewa inapungua, uchelewaji unapungua, na kama ulivyoona kwenye hesabu ya fundi, uchelewaji ukipungua rangi inayopita inahamia upande wa bluu. Kwa hiyo umeagiza 550 kumbe unapewa fupi kidogo, halafu kwenye grafu yako kilele cha jani kinaonekana kimehamia upande wa nyekundu, wakati jani halijahama popote, kipimo ndo kimehama. Filta nzuri zina kihisi cha joto ndani na zinajirekebisha volti, ila zinajirekebisha mpaka kiwango fulani, na zinahitaji kuwashwa mapema zitulie.

Dawa yake ni ile taa. Taa za enaji seva za zamani, zile za kujisokota, zina zebaki ndani, na zebaki ina mistari ambayo haijali hali ya hewa wala tarehe ya kuwasilisha tasnifu: 435.8 ya bluu na 546.1 ya kijani. Piga asubuhi, piga mchana, tembeza filta kuanzia 530 mpaka 560 uone kilele kinaangukia wapi. Kama asubuhi ni 546 na mchana kinatokea ukiwa umeagiza 550, umempata mwizi na unamwonyesha msimamizi grafu, usibishane naye kwa mdomo. Angalizo, usitumie taa ya LED kwa kazi hii, LED haina mstari mwembamba, ina mlima tu.

Lakini usimkamate mwizi mmoja ukaacha wenzake. Mwanga wa jua wa asubuhi sio wa saa saba, asubuhi unapita kwenye hewa nyingi zaidi na bluu inapotea njiani, kwa hiyo kila mara unapopiga jani piga na kitu cheupe kando yake kwenye picha hiyohiyo, ugawanye. Kama hamna kile kigae cheupe cha bei mbaya, ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ya kuzungushia kwenye nyuzi za bomba, zungushia tabaka nyingi kwenye ubao bapa, inarudisha mwanga vizuri kushangaza. Mwizi wa tatu ndo watu wengi hawamjui: filta yako yenyewe inaanza na polaraiza, na jani lenye nta, kama la mkahawa au mwembe, mng'ao wake umeshapolaraizika, kwa hiyo jua likihama angani mng'ao unaoingia kwenye kamera unabadilika hata kama jani na filta ni vilevile. Funga jani na kamera na taa katika pembe moja isiyobadilika, fanya kazi ndani, jua liache. Na jani lililokatwa asubuhi, ikifika saa saba limeshanyauka, hilo nalo usisahau.

Broka wa mawe, Mererani: Mambo vipi bosi. Hicho kidude kinaweza kutofautisha tanzanaiti na chupa? Tumeumizwa juzi hapa.

Jibu: Poleni aisee. Kidude chenyewe huhitaji, unahitaji vipande viwili vya polaraiza kutoka kwa fundi simu yeyote, hata vyenye mkwaruzo. Vikate, uvibandike ubavu kwa ubavu kimoja kimelala kimoja kimesimama, tazama jiwe kupitia hapo dhidi ya mwanga mweupe huku unaligeuza taratibu. Tanzanaiti ni jiwe linalomeza rangi tofauti kwa kila upande, rangi yenyewe inatokana na metali ya vanadi iliyomo ndani, kwa hiyo kipande kimoja kitakuonyesha bluu na kingine zambarau, ukigeuza zinabadilishana. Jiwe ambalo halijachomwa linaongeza rangi ya tatu ya kahawia au wekundu wa mvinyo, likichomwa hiyo ndo huondoka. Chupa hata uigeuze mpaka jioni, vipande vyote viwili vinabaki rangi moja.

Ila tahadhari, kuna jiwe la kutengenezwa linaitwa fostaraiti ambalo nalo linacheza rangi mbili, na limeshawahi kuuzwa kama tanzanaiti. Kwa hiyo jaribio hili linakuambia "hii sio tanzanaiti", halikuambii "hii ni tanzanaiti". Mzigo mkubwa peleka kwenye maabara ya vito wapime. Na geuza jiwe pande zote, kuna upande mmoja wa kutazamia ambao hata jiwe halali rangi hazionekani kutofautiana sana.

Muuguzi, Kisumu: Hujambo. Zile karatasi za plastiki za kupima homa kwenye paji la uso, namba inawaka kijani, ni kitu hichohicho ama?

Jibu: Ni ndugu yake. Kwenye hizo vijiti havielekei upande mmoja, vimejipanga kama ngazi ya kuzunguka, kila tabaka limegeuka kidogo kuliko la chini yake, na rangi inayorudi ni ile ambayo urefu wa wimbi lake unalingana na mzunguko mmoja wa ngazi. Joto likibadilika ngazi inajikaza au kujiachia, rangi inahama. Kwa hiyo kila namba kwenye karatasi ina mchanganyiko wake uliopimwa uwake kwenye joto lake. Kwa mtoto mwenye homa mimi bado ningeshika kipimajoto cha kwapani, karatasi hiyo inapima ngozi na upepo wa feni.

Tena hao wa ngazi ndo walioanza kujulikana duniani. 1888 huko Prague mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa anachunguza kolesteroli ya karoti, akatengeneza unga ambao ukiuchemsha unayeyuka kwenye nyuzi 145.5 ukawa uji wenye ukungu, ukiongeza moto unafika 178.5 ndo unakuwa maji safi. Yaani uliyeyuka mara mbili. Mtu mwingine angesema unga mchafu huu akautupa. Yeye akamwandikia Otto Lehmann, Mjerumani mwenye hadubini yenye jiko dogo na polaraiza, Lehmann akatazama ule uji akaona unapasua mwanga kama fuwele huku unatiririka. Mabishano yakawa makali, wenzake wakasema haiwezekani kitu kiwe fuwele na kimiminike.

Mkulima wa korosho, Newala: Salaam. Je chombo hiki kinaweza kuona ugonjwa wa ubwiriunga kabla sisi hatujauona? Kuna vijana walikuja na droni wakasema wana kamera ya namna hiyo.

Jibu: Salaam mzee wangu. Kwanza droni: kamera nyingi za shamba zinazopanda droni hazina fuwele kimiminika, zina lenzi nne tano kila moja na filta yake iliyofungwa hapohapo, rangi haibadilishwi. Hilo sio kosa, droni inatikisika na inakwenda, haina muda wa kusubiri filta ihame. Filta ya kuhama inakaa vizuri pale ambapo hujui bado rangi gani ndo muhimu, unatembea zote kwanza.

Jani zima linameza bluu na linameza nyekundu karibu na 670, linaachia kijani kidogo karibu na 550, halafu ukivuka 700 linarudisha mwanga mwingi ghafla, ila macho yetu hapo yameshaishiwa. Jani likiumwa ule mpando wa baada ya 700 unalegea na nyekundu inaanza kurudi. Ubwiriunga nao ni unga mweupe, unapandisha rangi zote zinazoonekana. Kwa hiyo ndiyo, mabadiliko yanapimika. Lakini ukame nao unalegeza mpando huohuo, na upungufu wa mbolea pia, picha inakuambia mti huu haufanani na wenzake, haikuambii jina la ugonjwa.

Wafilipino wamejaribu jambo hili kwa ukubwa. Setilaiti yao ndogo Diwata-1, ya kilo kama 50, waliyoitengeneza pamoja na vyuo vikuu vya Japani vya Tohoku na Hokkaido, iliachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Aprili 2016 ikiwa na kamera yenye filta ya fuwele kimiminika kwa ajili ya kuangalia mimea na bahari. Ilimaliza kazi 2020. Faida ilikuwa kwamba rangi za kupiga waliziagiza kutoka chini, leo hizi kesho zile. Shida ilikuwa mwendo: ilipita juu ya ardhi kama kilomita 7 kwa sekunde, filta ikichukua sehemu ya kumi ya sekunde kuhama, setilaiti ilikuwa imeshasogea mita 700, na kila doa la picha yake lilikuwa mita 80 hivi, kwa hiyo picha ya nyekundu na ya kijani hazikukalia mahali pamoja mpaka zioanishwe kwa kompyuta. Doa la mita 80 kwako wewe ni shamba zima la jirani na lako humohumo.

Kwa msimu huu, mzee, kagua maua na machipukizi mwenyewe na salfa ipigwe kwa wakati. Vijana wa droni waulize swali moja tu, wameshalinganisha picha zao na miti waliyoikagua kwa mkono au bado.

Kidato cha sita, Tanga: Shikamoo. Nilitoa kioo cha kikokotoo kibovu nikaunganisha betri ya 9V nione kama kinachagua rangi. Namba zote zikaja nyeusi, nikaacha dakika kumi, sasa vimebaki vivuli vya kijivu haviondoki hata nikitoa betri. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umekosea sehemu mbili na umepatia moja, kuthubutu. La kwanza, betri inasukuma upande mmoja tu, na ndani ya fuwele huwa kuna uchafu kidogo wenye chaji, ukisukumwa upande mmoja dakika kumi unakwenda kujikusanya ukutani kwenye elektrodi, unaanza kuchakaza kioo, ndo hivyo vivuli. Fuwele kimiminika inalishwa umeme wa kwenda na kurudi, makumi au mamia ya mara kwa sekunde, hata elfu na kitu, vijiti vyenyewe havijali upande, vinaitikia ukubwa tu. La pili 9V ni nyingi mno, kikokotoo hicho kimezoea volti 3 na chini ya hapo.

Ukitaka kurudia, tafuta kioo kingine, kidhibiti kidogo kama Arduino kina miguu miwili ya kutosha: mguu A ukiwa juu B uwe chini, kisha vibadilishane kila nusu milisekunde, pitishia kwenye kizuizi cha kuzungusha ili upunguze volti taratibu. Usitegemee upinde wa mvua, vioo vya kikokotoo fuwele zake zimesokotwa robo duara kwa ajili ya nyeusi na nyeupe. Ila bandua polaraiza zote mbili taratibu kwa maji ya moto kiasi na wembe, shika polaraiza moja mbele na moja nyuma, zungusha ya nyuma pole pole huku unapandisha volti kutoka sifuri, na kwenye zile namba, kati ya volti 1 na 2, utaona namba inapita kwenye umanjano au ubluu hafifu kabla haijatulia. Chumba kiwe na giza, nyuma uweke karatasi nyeupe iliyomulikwa. Iandike kila rangi na volti yake kwenye daftari, halafu nitumie. Na ile betri ya 9V irudishe ulikoitoa kabla baba hajaitafuta.